Nguzo Nyuma ya Ekseli: Uchambuzi wa Kona Moja

Kishindo kilisikika kabla matairi ya mbele ya gari-nyumba hayajatembea mita 2. Hakikuwa kikubwa, kilikuwa kama mtu aliyefunga mlango wa kabati kwa nguvu, na dereva alikisikia vizuri. Akatupa jicho kwenye kioo cha kushoto. Kushoto palikuwa peupe. Akadhani tairi la nyuma limepanda kitu kidogo, akaongeza mafuta ili lishuke.

Binti yake, aliyekuwa ameketi kwenye meza ya nyuma, ndiye aliyepiga kelele: "Baba, simama! Nyuma huku, kulia!"

Akasimama. Ubavu wa kulia wa gari ulikuwa umeegemea nguzo ya chuma. Bati lilikuwa limebonyea, mchubuko ukielekea kwenye kona ya nyuma, na mfuniko wa taa ya nyuma umepasuka. Hakuna aliyeumia. Hilo nalitanguliza kwa sababu ndilo la kwanza nililomuuliza.

Dereva huyu alinijia siku chache baadaye na picha na vipimo. Kazi yangu ni kufundisha watu kuendesha magari makubwa, na swali lake nimeulizwa mara nyingi kwa maneno tofauti, ila yeye aliliuliza vizuri kuliko wengi: "Mwalimu, mimi nilikuwa nageuka kushoto. Nilikuwa naikimbia ile nguzo. Nimeigongaje?"

Nimepata ruhusa yake kukiandika kisa hiki bila jina lake. Nakiandika kwa kirefu kwa sababu kona ile moja ina karibu kila kitu ambacho dereva wa gari-nyumba kubwa anapaswa kukijua kuhusu kupinda.

Gari na mahali

Gari lenyewe ni gari-nyumba, yaani nyumba yenye injini na usukani wake, si trela ya kuvutwa. Lina urefu wa mita 11.6 na upana wa mita 2.5 bila kuhesabu vioo. Ekseli ya mbele, yaani mhimili unaobeba matairi ya mbele, iko mita 1.4 nyuma ya bampa la mbele. Kutoka hapo hadi ekseli ya nyuma, yenye matairi pacha, ni mita 6.6. Mita 3.6 zilizobaki zinaning'inia nyuma ya ekseli hiyo. Nitaziita mkia. Nyuma ya mkia kulikuwa na gari dogo linalovutwa kwa mkono wa chuma, magurudumu yake yote manne yakiwa barabarani.

Mahali ni kituo cha mafuta. Pampu ilikuwa kulia, juu ya kisiwa cha zege chenye nguzo ya chuma kila mwisho. Tundu la tangi la gari hili liko nyuma kidogo ya tairi la mbele, kwa hiyo alipolipatanisha na pampu, sehemu kubwa ya gari ilibaki nyuma ya pampu, na nguzo ya mwisho wa kisiwa ikawa ubavuni, mita 1.5 nyuma ya ekseli ya nyuma. Kati ya nguzo na bodi palikuwa na sentimita 40. Mbele yake, mita 5 kutoka bampa, kulikuwa na gari dogo lililosimama. Kushoto uwanja ulikuwa wazi hadi njia ya kutokea, isipokuwa nguzo moja nyembamba iliyolinda mashine ya upepo.

Vipimo hivi tunavyo kwa sababu mkewe alipiga picha kabla gari halijasogezwa, kisha wakapima kila kitu kwa futikamba. Wengi wetu tukigonga kitu tunakimbilia kuliondoa gari, na ushahidi wa kosa letu unaondoka nalo.

Alipomaliza kujaza mafuta, dereva aliketi, akafunga mkanda, akatazama mbele na kushoto. Alichokihofia ni ile nguzo ya mashine ya upepo. Alijua kuwa gari refu hukata kona kwa ndani na kwamba gari dogo analolivuta lingekata zaidi. Lile gari la mbele nalo lilimsumbua, akaona akichelewa kupinda atalikaribia mno. Basi akakata usukani wote kushoto gari likiwa bado limesimama, akaachia breki, macho yakiwa kwenye kioo cha kushoto.

Nguzo ya mashine ya upepo aliiacha kwa zaidi ya mita moja. Kwa upande ule aliokuwa akiutazama, aliendesha vizuri kabisa.

Kwa nini gari linalokwenda kushoto hugonga kulia

Matairi ya mbele ndiyo yanayogeuka. Ya nyuma yamefungwa kutazama mbele, na hayawezi kwenda ubavuni bila kuburuzika. Kwa hiyo gari linapopinda, kitovu cha duara linalolichora hukaa kwenye mstari unaopita katikati ya ekseli ya nyuma, kwa upande wa kona. Sehemu yoyote ya gari iliyo mbele ya mstari huo husogea kuelekea ndani ya kona. Iliyo nyuma yake husogea kuelekea nje. Aliyewahi kubeba ubao mrefu begani anaifahamu hali hii: ukigeuka kushoto kumwitikia mtu, ncha ya nyuma inafagia kulia, na aliye nyuma yako asipoinama itampata.

Sasa tuweke namba za gari hili. Usukani ukikatwa hadi mwisho, matairi yake ya mbele hugeuka kwa wastani wa nyuzi 40 hivi. Kwa mita 6.6 kati ya ekseli na ekseli, katikati ya ekseli ya nyuma inazunguka kwenye duara lenye nusukipenyo cha karibu mita 7.9, na katikati ya ekseli ya mbele kwenye duara la karibu mita 10.3. Tofauti ni mita 2.4. Hicho ndicho kiasi ambacho nyuma inaweza kukata kwa ndani kona ikiendelea vya kutosha, na hicho ndicho dereva wetu alikuwa akikiogopa. Aliogopa kitu cha kweli.

Upande wa nje, ubavu wa gari kwenye ekseli ya nyuma uko mita 9.1 kutoka kwenye kitovu. Lakini kona ya mkia, kwa kuwa iko mita 3.6 nyuma ya ekseli, iko mita 9.8. Mkia unachora duara kubwa kuliko ubavu unaoufuata, na tofauti ni karibu sentimita 70. Gari lililosimama sambamba na ukuta, likakatwa usukani wote kuuacha ukuta huo, litatupa kona ya mkia kuelekea ukutani kwa kiasi hicho. Pale ilipokuwa nguzo, mita 1.5 nyuma ya ekseli, mkia ungefika sentimita 57. Nafasi ilikuwa 40. Zilizokosekana ni sentimita 17, na ndizo zilizochukuliwa na bati.

Jambo ambalo hata madereva wenye uzoefu hulisahau ni wakati. Mkia wa gari hili hufikia upeo wake gari likiwa limegeuka nyuzi 22 tu, matairi ya mbele yakiwa hayajamaliza mita 4. Na nguzo ile iliguswa mapema zaidi, kwenye nyuzi 10. Hapo abiria bado hajahisi kwamba gari linapinda. Kukata kwa ndani ni tofauti: kunajengeka polepole, na kunakuwa kukubwa katikati ya kona na kuendelea. Hatari ya nje huja mwanzoni, ya ndani huja baadaye.

Kwa hiyo kosa la dereva huyu halikuwa kutazama kioo cha kushoto. Kile kioo kilikuwa na zamu yake. Kosa ni kwamba alianza nacho. Kwenye mita 4 za kwanza macho yalitakiwa yawe kulia, kwenye kioo cha nje, hadi mkia uwe umepita kila kilichokuwa ubavuni. Ndipo yahamie ndani kulisindikiza tairi la nyuma. Nimewaona madereva wa mabasi marefu wakifanya hivi bila kufikiri: kichwa kinaenda nje kwanza, kisha ndani. Ukiwauliza kwa nini, baadhi hawawezi kueleza. Mwili umeshajifunza.

Kuna faraja moja. Katika gari lisilo na kiungo cha kukunjika katikati, kioo cha nje hakipotezi ubavu wa gari wakati wa kupinda kama kinavyoupoteza kwa lori lenye tela. Kioo kimefungwa kwenye bodi ileile inayozunguka. Angekitazama, angeiona nguzo ikiingia kwenye picha na nafasi ikifungwa mbele ya macho yake.

Kilichokuwa kinawezekana kabla ya kugusa usukani

Nilimwomba tuchore kisiwa kile kwenye karatasi na tukate gari la kadibodi kwa kipimo. Tulisukuma kadibodi ile kwa zaidi ya saa nzima.

Njia ya kwanza tuliyoiona ilikuwa rahisi. Kwenda mbele moja kwa moja, usukani ukiwa umenyooka, kwa mita 2.1. Baada ya hapo nguzo ingekuwa nyuma ya bampa la nyuma na mkia usingekuwa na cha kugonga. Gari dogo analolivuta lingevutwa nje kidogo pale kiungo kinapotupwa kulia, lakini ni jembamba, na kadibodi yake ilipita ikiwa na nafasi. Hofu yake ya gari la mbele tuliipima pia. Kona ya mbele kulia ya gari-nyumba, usukani ukiwa umekatwa wote, ilihitaji nafasi isiyozidi mita 2.2 mbele ya bampa ili kulikwepa lile gari. Angetumia mita 2.1 kunyoosha, angebakiwa na 2.9. Nafasi ilikuwapo, ingawa kutoka kwenye kiti cha dereva haikuonekana hivyo.

Njia ya pili ni kukata usukani nusu. Kwa nyuzi 20 badala ya 40, mkia ungefika sentimita 28 pale penye nguzo, na ungepita kwa sentimita 12. Lakini kona ingekuwa pana, na lile gari la mbele lingekwepwa kwa nusu mita tu au zaidi kidogo. Mimi nisingeichagua siku ile. Naitaja kwa sababu inaonyesha kwamba anayekata usukani wote gari likiwa limesimama amejichagulia mkia mrefu kuliko wote unaowezekana. Mara nyingi hakuna haja. Kuanza taratibu na kuongeza usukani gari likiwa linatembea kunapunguza mtupo wa mkia, na kunayaokoa matairi na viungo vya usukani.

Njia ya tatu ni kusubiri. Mwenye gari la mbele alikuwa analipa. Angeondoka baada ya dakika mbili au tatu. Dereva aliniambia alihisi foleni iliyokuwa nyuma yake inamsukuma. Namwelewa. Ukiwa ndani ya gari la mita 11 na nusu unahisi kama umeziba dunia nzima, na kila honi ni yako. Lakini walio nyuma hawajui mkia wako una urefu gani. Wewe ndiye unayejua.

Baada ya kishindo

Sehemu hii ilinisikitisha zaidi, kwa sababu uharibifu mkubwa ulitokea hapa.

Nguzo iligusa ubavu karibu nusu mita mbele ya kona ya nyuma. Angesimama palepale, angekuwa na mchubuko na bonyeo dogo. Badala yake, kwa kuwa akili ilikuwa kushoto, alikipa kishindo maana ya kushoto. Aliongeza mafuta usukani ukiwa bado umekatwa wote, na ile nusu mita ya bodi ikakandamizwa kwenye chuma hadi taa ikapasuka. Gari kubwa halikuelezi kilipo kishindo. Ukiketi mita 10 kutoka mahali palipogongwa, sauti inakufikia imechanganyika na vyombo vya kabatini. Ninachowafundisha wanafunzi wangu ni kwamba sauti yoyote usiyoitambua ni amri ya breki: simama, zima, shuka, zunguka gari lote. Hata kama uliyoisikia ni sahani.

Aliposimama, watu walikusanyika na kila mmoja alikuwa na ushauri. Mhudumu mmoja alimwashiria arudi nyuma. Mkewe alikataa, na alikuwa sahihi: gari dogo linalovutwa magurudumu yote yakiwa chini halirudishwi nyuma. Matairi yake ya mbele yatajigeuza yenyewe upande wowote, litajikunja dhidi ya mkono wa chuma, na kitakachopinda au kuvunjika ni ule mkono au usukani wa gari dogo. Basi wakaamua kulifungua. Kwa kuwa magari mawili yalikuwa yamekaa kwa pembe, pini za mkono zilikuwa zimekazwa na mvutano na hazikutoka kirahisi. Ilichukua muda mrefu na nyundo. Hatimaye gari dogo lilisukumwa pembeni na gari-nyumba likarudi nyuma.

Walirudi nyuma vizuri, kwa bahati. Dereva hakugusa usukani. Aliuacha umekatwa kushoto kama ulivyokuwa, na gari likapita njia ileile lililokuja nayo, mkia ukajiondoa kwenye nguzo. Angeukata kulia kwanza, kama wawili kati ya waliokuwapo walivyomsihi, nyuma ingekwenda kulia na kuikumbatia nguzo.

Lakini haikuwa lazima kufungua chochote. Hapa nilimwomba aiangalie tena kadibodi na ajiulize swali moja ambalo sasa nalirudia kwa kila mwanafunzi: umegusa mbele ya ekseli ya nyuma au nyuma yake?

Kama kilichogusa kiko mbele ya ekseli, yaani gari limekata kwa ndani na tumbo limelalia nguzo, basi kwenda mbele kwa usukani uleule kutazidi kulikandamiza, na mara nyingi dawa ni kurudi kwa njia uliyojia. Kama kiko nyuma ya ekseli, ni mkia uliotupwa, na mkia hutii kinyume. Ukikata usukani kuelekea kwenye kile ulichogonga na kwenda mbele polepole, mkia unaondoka upande wa pili. Moyo unakataa kuugeuza usukani kuelekea kwenye nguzo iliyokwisha kukuharibia gari. Lakini jiometri ni ileile: gari likipinda kulia, kilicho nyuma ya ekseli husogea kushoto.

Siku ile pua ya gari ilikuwa imeshaingia kushoto, na kona ya mbele kulia ilikuwa na karibu mita 1.9 hadi kwenye kisiwa. Kilichohitajika ni usukani kulia, mtu mmoja kusimama mbele kulia na mwingine nyuma kulia, na gari kutambaa mbele kwa nusu mita au zaidi kidogo hadi mkia uiache nguzo. Kisha kunyoosha, kisha kwenda. Hakuna pini, hakuna nyundo.

Alinyamaza kwa muda aliposukuma kadibodi na kuona mkia unaachana na nguzo. Kisha akairudia mara ya pili na ya tatu. Nadhani hapo ndipo alipolielewa gari lake.

Kona ileile, barabarani

Kituo cha mafuta kina nguzo, na madhara ya nguzo hurekebishwa na fundi bati. Ninachokihofia zaidi ni kona hiyohiyo inapofanyika penye watu.

Chukua njia yenye upana wa mita 3.5. Gari hili likikaa katikati, linabaki na nusu mita kila upande. Likisimama kwenye taa na kukata usukani wote kijani kinapowaka, mkia unatoka karibu sentimita 70, yaani sentimita 20 ndani ya njia ya jirani, palipo na kioo cha gari jingine au bega la mwendesha pikipiki. Au kama umeegesha ukigusa ukingo wa njia ya miguu na unaondoka kwa usukani mkali, mkia unapita juu ya ukingo, kwenye kimo cha kifua cha mtu mzima na kichwa cha mtoto. Anayesubiri kuvuka anakuona unaondoka, anafikiri umeshampita. Pua imempita, mkia bado. Kwa sababu hii sikubali mwanafunzi wangu aondoke ukingoni kwa usukani mkali, hata barabara ikiwa tupu.

Kwenye njia panda, kona fupi, ile ya upande wako wa barabara, ndiyo inayowashinda wengi. Dereva wa gari dogo ana mazoea ya kuanza kupinda mapema. Anayehamia gari-nyumba anayachukua mazoea hayo, tairi la nyuma linapanda ukingo, basi mara inayofuata anafanya kinyume: anatupa gari upande wa pili kabla ya kona ili ajipatie uwanja. Hili la pili ni baya zaidi. Ule upande aliouacha wazi unaonekana kwa aliye nyuma kama nafasi ya kupita, na baiskeli au gari dogo litaingia hapo wakati yeye anafunga. Upana uchukuliwe mwishoni mwa kona. Kaa kwenye njia yako, acha kama mita moja kati yako na ukingo, nafasi isiyotosha gari kujipenyeza. Toa ishara mapema. Nenda moja kwa moja ndani kuliko unavyojisikia, kwa sababu kwenye magari mengi ya pua bapa wewe umeketi juu ya ekseli ya mbele au mbele yake, na mwili wako unapofika kwenye kona, matairi bado. Ndipo ukate, na pua iingie pana kwenye barabara mpya baada ya kuhakikisha hakuna anayekuja. Ukilazimika kuazima sehemu ya njia ya wengine, subiri upewe. Na ukiona haitoshi, simama ukiwa bado umenyooka. Usisimame katikati ya kona ukiwa umeziba pande zote mbili.

Kona ndefu, ile inayovuka barabara, ina nafasi zaidi na husamehe zaidi. Hatari yake kubwa ni kukata mapema na kumkandamiza anayesubiri kwenye mdomo wa barabara unayoiingia.

Mwendo sitausemea sana. Gari-nyumba ni refu kwenda juu, lina maji na mizigo, na hulala upande wa nje likipinda kwa kasi. Mwendo upunguzwe kabla ya kona, si ndani yake, na makabati yafungwe.

Alichofanya baadaye

Tulikwenda kwenye uwanja mtupu na chaki, koni na mita. Tulichora mstari chini sambamba na ubavu wa kulia, sawasawa na bodi, akakata usukani wote kushoto na kutambaa mbele huku mimi nikiweka alama chini ya kona ya mkia kila nusu mita. Alama zikatoka nje ya mstari, zikapanda, zikarudi. Ya mbali zaidi ilikuwa sentimita 71 kutoka mstarini. Hesabu ya karatasi haikuwa mbali, na sasa ilikuwa namba ya gari lake mwenyewe. Namshauri yeyote mwenye gari refu afanye zoezi hili, kwa pande zote mbili, kabla ya safari ya kwanza. Linachukua nusu saa.

Kisha tukapanga vioo upya. Kile kikubwa bapa kilikuwa kimeinuliwa mno, kikionyesha barabara ya mbali na anga. Tukakishusha hadi tairi la nyuma linapokutana na ardhi likaonekana kwenye sehemu ya chini. Kile kidogo kilichobinuka tukakigeuza kionyeshe mkia wote na upande wake wa chini. Kioo kilichobinuka huvifanya vitu vionekane vidogo na mbali kuliko vilivyo, kwa hiyo nilimwambia akitumie kujua kama kitu kipo, si kujua kiko umbali gani. Akabandika kipande cha utepe mweupe kwenye ubavu, usawa wa ekseli ya nyuma, kila upande, ili akitazama kioo aone mara moja ekseli iko wapi na kitu alichokiona kiko mbele au nyuma yake.

Walikubaliana pia maneno. Mkewe anaposimama nje kumwongoza, hasemi tena "njoo, njoo". Anasema upande na umbali: kulia nyuma, nusu mita, kulia nyuma, sentimita 30. Akinyanyua mkono uliofungwa, gari linasimama bila mjadala. Na dereva asipomwona mkewe kwenye kioo, anasimama vilevile.

Siku aliponiandikia mara ya mwisho alikuwa ametoka kujaza mafuta. Alichagua pampu ya pembeni, ile ya malori, ambako mbele hakuna kisiwa kingine. Kabla ya kuondoka alishuka akazunguka gari, akaona nguzo iko wapi ukilinganisha na utepe mweupe. Akaenda mbele usukani umenyooka huku akiitazama kulia ikirudi nyuma, ikapita utepe, ikapita kona ya mkia. Mkewe akanyoosha mkono kuelekea kwenye njia ya kutokea, naye akaanza kukata.